Msafara wa Mama Mkwe

Maskini akipata, matako hulia mbwata; wahenga walishamaliza. Mayala yeye alipopata, kilicholia ni honi.

Kwa miaka sita alikuwa mwendesha daladala mjini Shinyanga. Daladala ya Shinyanga, kwa asiyeijua, haina mlango wala konda. Ni baiskeli yenye keria iliyofungwa mto wa sponji. Abiria anakaa nyuma, dereva anahema mbele, na mlima ukizidi wote wawili wanashuka wanatembea kama ndugu. Kisha Mayala akapata leseni, akapata na mjomba anayemjua mtu, na yule mtu akamwingiza kwenye kampuni moja ya wakandarasi wanaohudumia migodi ya upande wa Bugarama. Akahamia huko, akakabidhiwa Landkruza nyeupe yenye taa ya rangi ya chungwa inayozunguka juu ya paa, na mlingoti mrefu wenye bendera, ili malori makubwa ya mgodini yaione kwa mbali yasije yakaipanda. Tangu siku hiyo waendesha baiskeli wote akaanza kuwaita "hawa watu".

"Hawa watu hawajui barabara," alikuwa akisema, huku miguu yake ikiwa bado na misuli ya kupandisha mlima na abiria mwenye gunia la mchele.

Barabara yenyewe ilikuwa ya vumbi, nyembamba, imeinuliwa katikati na kuchimbwa mitaro pande zote mbili, mitaro yenye kina cha kumficha ndama. Sheria ya Mayala ilikuwa moja, mwenye nguvu mpishe, na aliitaja kama vile imeandikwa kwenye kitabu cha trafiki. Hakupiga honi kutoka mbali. Huko ni kumpa mtu nafasi ya kujishauri. Alisubiri mpaka bampa ikaribie tairi la nyuma la baiskeli, ndipo akakandamiza kwa kiganja chote. Hapo utaona mambo: gunia la mkaa linakwenda kushoto, mwenye mkaa anakwenda kulia, na baiskeli inabaki peke yake ikitafuta pa kuangukia. Madumu ya maji, matenga ya kuku, mafundi na masanduku yao, wote mtaroni. Mayala hakuangalia nyuma. Tena alijisifu kwamba huu ni mwaka wa tatu hajagonga mtu, na ilikuwa kweli tupu. Walijigonga wenyewe.

Lakini dunia haimpi mtu vyote. Miezi miwili kabla ya siku ninayoisimulia, Mayala alirudi kutoka kazini akakuta nyumba imefagiwa, ufunguo uko kwa jirani, na mkewe Limi amekwenda kwao na mtoto wao Nelly, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Hakuacha maneno. Mayala akatuma sukari na doti ya khanga; vikapokelewa, wala havikujibiwa. Akamtuma Mzee Stanslaus, mshenga aliyeisimamia ndoa yao, akaulize kosa ni lipi. Mzee akarudi na jibu la maneno mawili: anajua mwenyewe.

Hakujua. Alijikumbusha makosa yake moja baada ya jingine. Cherehani aliyoahidi tangu Pasaka hakuinunua. Mjomba wake Limi alisinzia kanisani, yeye akacheka kwa sauti. Siku moja alikula nyama choma kazini akarudi nyumbani mikono mitupu, harufu ikamsema. Yote aliyatubu kupitia kwa Mzee Stanslaus, na kila mara jibu lilirudi lile lile. Nyumba ilikuwa kimya, naye aliikosa sauti ya Nelly kuliko alivyoweza kumwambia mtu yeyote. Hatimaye wazee wakakubali kukaa Alhamisi, saa kumi jioni, nyumbani kwa mshenga, Bugarama. Limi angetangulia jana yake, wazazi wake wangefuata. Mzee Stanslaus hakumficha kitu.

"Baba mkwe wako si tatizo," alimwambia. "Mama ndiye mwenye neno. Akisema binti arudi, tutajua la kumwambia binti. Akisema asirudi, mimi nitakunywa chai yangu niondoke."

Asubuhi ya Alhamisi hiyo bosi wake aliingia kiti cha nyuma na faili kubwa. Huyu alikuwa Bwana Otmar, meneja wa usalama wa kampuni, Msumbwa wa Ushirombo, mwenye tai na kitambi cha mtu ambaye hajakaa juu ya baiskeli tangu darasa la saba. Saa tatu kamili alitakiwa Bugarama kwenye kikao cha wadau wa usalama barabarani. Walikuwa wamealikwa wenye malori, wenye mabasi na wakandarasi. Wenye baiskeli hawakualikwa, kwa kuwa wao ndio waliokuwa ajenda.

"Sikiliza pendekezo langu la kwanza," alisema Otmar, akafungua faili. "Baiskeli isikiapo mlio wa injini, ishuke na kusimama nje ya barabara hadi chombo cha moto kitakapopita. Unaionaje?"

"Imetulia, bosi," alisema Mayala. "Mimi nilishaanza kuitekeleza."

Walikuwa hawajamaliza hata kilomita tano ilipotokea mbele yao baiskeli nyeusi, Finiksi ya zamani, katikati ya barabara. Mwendeshaji alikuwa Makoye, mtu wa makamo aliyejulikana njia nzima kwa ukaidi. Mayala alikuwa ameshampeleka mtaroni mara nne, na mara nne Makoye alitoka, akajipangusa, akarudi katikati ile ile. Kwenye keria aliketi mama mmoja kiupandeupande, chini ya mwavuli mweusi.

Mayala akasogea, bampa ikakaribia tairi, akakandamiza honi. Makoye hakugeuka. Akakandamiza ya pili, ndefu, ya kumtoa nyoka pangoni. Mwavuli ukainama kidogo. Mayala akaona mguu wa kushoto uliovimba, umefungwa kitambaa cheupe, na juu yake kitenge cha sikukuu ya parokia, na ule mgongo ulionyooka ambao kwa miaka mitatu alikuwa akiupisha kila anapouona sokoni. Akaondoa kiganja kwenye honi kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

"Bosi," alisema kwa sauti ndogo, "yule ni mama yake Limi."

Kwa Wasukuma mambo ya mama mkwe si ya mzaha. Hamli sahani moja, hampeani mikono, hamkai chumba kimoja. Mkikutana njiani, mkwe mwanamume ndiye anayeiacha njia: anaingia vichakani, anageuza uso, anasubiri mama apite na heshima yake. Kumpita mama mkwe kwa kasi na kumwachia vumbi la kumpofua ni jambo ambalo hata wajukuu watakuja kusimuliwa. Na Mayala alikuwa ameshampigia honi mbili, siku ile ile anayokwenda kuomba arudishiwe mke.

Akaliweka gari pembeni, akazima injini, akageuza uso dirishani.

"Umesimama kufanya nini?" Otmar aliuliza.

"Nampisha mkwe, bosi."

"Yuko mbele yako anakwenda mbele. Unampisha aende wapi?"

"Afike mbali kidogo. Akipotea machoni tunaondoka."

"Atapotea machoni saa ngapi? Mguu wenyewe mmoja, baiskeli yenyewe ya enzi ya uhuru. Mayala, saa tatu nasimama mbele ya mgeni rasmi. Mpite huyo mama."

"Bosi, nifukuze kazi," alisema Mayala, na alimaanisha. "Gari nitapata jingine. Mama mkwe huyu ni mmoja."

Otmar alipiga hesabu. Kufukuza dereva porini ni kazi rahisi. Kazi ni kuendesha gari baada ya hapo, na yeye leseni yake ilikuwa imekwisha muda.

"Hata sisi tuna wakwe," alisema mwishowe, "lakini wa kwetu wanapanda basi. Haya, washa gari. Mfuate polepole, ukae mbali naye, ila tusisimame."

Ndivyo walivyokwenda. Landkruza ilitambaa kwa gia ya kwanza, hatua thelathini nyuma ya baiskeli, na Mayala kwa kuogopa kukanyagwa na malori ya nyuma akawasha taa ya chungwa ikaanza kuzunguka, akawasha na zile za tahadhari. Uso wake aliuelekeza pembeni, jicho moja tu likaibia barabara.

Huko mbele, kama Makoye alivyokuja kusimulia kwa watu wote waliotaka na wasiotaka kusikia, mama alijifunika kitenge kichwani na kuuliza ni nani.

"Ni mkweo, mayu," alisema Makoye, akitazama kwenye kioo cha usukani.

Kwa desturi mama naye alipaswa kujificha. Akautazama mtaro, akautazama mguu wake. "Yeye ana magurudumu manne, mimi nina mguu mmoja," alisema. "Asubiri. Nawe endesha polepole, usinitegue."

Miaka miwili Makoye alikuwa akingoja mtu amwambie endesha polepole mbele ya gari lile. Alitii amri hiyo kwa moyo wake wote, na kwenye mashimo alishuka kabisa, akakokota.

Nyuma ya Landkruza foleni ikaanza kujengeka. Lilianza lori la mahindi, likaja basi, yakaja matangi ya mafuta mawili, zikaja Noah za abiria. Mwanzoni walipiga honi zote walizonazo. Kisha dereva wa basi akachungulia, akaona taa inazunguka, bendera iko juu, gari jeupe linakwenda mwendo wa maziko. Akamgeukia kondakta wake. "Nyamaza," akasema. "Huo ni msafara." Neno hilo likarudi nyuma gari kwa gari, na honi zikafa moja moja. Tanzania nzima mtu anaweza kulipita kaburi la babu yake, lakini msafara haupitwi. Madereva wakawasha taa, wengine wakafunga mikanda ambayo hawakuwa wameifunga tangu gari liletwe kutoka bandarini.

Gari la nane katika foleni hiyo lilikuwa la mgeni rasmi mwenyewe wa kikao. Alitaka kujua ni nani anamtangulia. Msaidizi wake akapiga simu tatu, na kote akaambiwa hawana habari ya kiongozi yeyote.

"Kama hata sisi hatukuambiwa," alisema mgeni rasmi, "basi ni mkubwa mno." Akafunga vifungo vya koti, akamwamuru dereva asithubutu kusogea.

Walipofika kizuizi cha kuingia Bugarama, magari yalikuwa yamefika arobaini. Trafiki aliyekuwa zamu aliliona jambo likija na vumbi lake, akafanya kila alichofundishwa chuoni. Akaondoa bajaji, akasimamisha malori yaliyotoka upande wa pili, akanyoosha kofia, akabana visigino, akapiga saluti. Saluti hupigwa kwa aliye mbele, na aliye mbele alikuwa Makoye. Makoye aliipokea kwa kutikisa kichwa mara moja, taratibu, kama mtu aliyeizoea. Mama Limi akauinua mwavuli kidogo. Wauza viazi vitamu wakasimama. Kisha baiskeli ikakata kona kuingia uchochoro wa kwa Mzee Stanslaus, na Mayala akapumua kwa mara ya kwanza tangu kilomita ya tano.

Kikao kilianza saa nne na nusu na hakuna aliyechelewa, maana mwenye haki ya kukasirika naye alikuwa kwenye foleni. Mgeni rasmi alisimama, akaiweka kando hotuba aliyoandikiwa.

"Ndugu wadau," alisema, "leo nimeona kwa macho yangu magari arobaini yakitembea kwa nidhamu nyuma ya mwananchi mmoja wa baiskeli. Mimi sijawahi kuona. Nauliza, mpango huu ni wa nani?"

Otmar alilitazama faili lake, lenye lile pendekezo la baiskeli ishuke. Akalifunga, akasimama.

"Ni wetu, mheshimiwa," alisema. "Tulikuwa kwenye hatua ya majaribio."

Ukumbi ukapiga makofi. Mgeni rasmi akataka kumwona dereva wa gari la mbele, Mayala akaitwa kutoka nje alikokuwa akifuta vioo. Vyeti vya Dereva Bora vilikuwa vimeshachapwa, kila kimoja na jina la mtu. Jina moja likafutwa kwa wino mweupe, la Mayala likaandikwa juu yake kwa mkono, likapulizwa likauke. Aliyefutwa alikuwepo ukumbini na alipiga makofi kama wengine. Mayala alipigwa picha kati ya mgeni rasmi na Otmar, akaulizwa siri ya mafanikio yake ni nini, akasema ni kuheshimu kila mtumiaji wa barabara. Alipolisema alijisikia vizuri, akaanza hata kuliamini.

Saa kumi alikuwa nyumbani kwa Mzee Stanslaus, amevaa shati safi, na cheti amekiweka juu ya stuli mahali ambapo hata asiyejua kusoma angekiona. Baba mkwe, Mzee Maganga, alikaa kwenye kiti cha uvivu. Limi alikuwa kwenye mkeka, Nelly amelala mapajani pake. Mayala alitaka sana kumtazama mtoto, akaona ni vyema kwanza amalize kusalimia. Akatoa shikamoo zake zote, zikaitikiwa. Mama mkwe alikuwa jikoni, upande wa pili wa ua, kama ilivyopasa, na maneno yake alikuwa akiyafuata mshenga na kuyaleta.

Mzee Stanslaus alikwenda, akakaa huko kitambo, akarudi ametabasamu.

"Mama anasema hivi. Kwa habari alizokuwa akizisikia barabarani, alitegemea kukutana na mkwe asiye na adabu. Leo mkwe huyo amemsindikiza kilomita kumi na mbili, hakumpita, hakumtazama, na serikali ikampigia saluti. Anasema hata siku ya harusi yake hakusindikizwa hivyo. Zile honi mbili za mwanzo amezisamehe, kwa sababu mkwe hakuwa amejua ni nani. Kwa upande wake yeye, binti arudi."

"Mimi sina la kuongeza," alisema Mzee Maganga.

Mayala alikwishaanza kupanga kichwani: kitanda kisogezwe, cherehani inunuliwe kesho hiyo hiyo, Nelly atafutiwe viatu. "Wabeja sana," alisema, akarudia kwa Kiswahili, "nashukuru sana, wazee wangu."

Mzee Stanslaus akamgeukia Limi, kwa ajili ya utaratibu tu, mkono wake ukiwa tayari kwenye kikombe cha chai.

"Mama Nelly, umesikia. Una neno?"

"Ninalo," alisema Limi. Hakuinua sauti. "Baba Nelly, siku niliyoondoka ilikuwa Jumanne. Asubuhi yake nilimpeleka mtoto kliniki. Kurudi, nilipanda baiskeli, Nelly nimemfunga mgongoni, na kitenge kingine nimejifunika kichwa kwa sababu ya vumbi. Ukaja nyuma yetu."

Mzee Stanslaus akakirudisha kikombe mezani.

"Ukapiga honi. Tukaenda mtaroni. Mtoto alivimba paji la uso siku nne. Kioo chako kilikuwa wazi, kiwiko chako nakiona, nikakuita kwa jina. Nilikaa mle mtaroni nakungoja, Baba Nelly. Nilikuwa na hakika kwamba utasimama."

Jikoni sauti ya mwiko ilikuwa imekoma. Mayala alimgeukia mkewe.

"Haki ya Mungu, Limi, sikujua kama ni wewe."

"Najua hukujua. Ungejua ungesimama, hilo sina wasiwasi nalo. Mama leo umemjua, na umemsindikiza vizuri." Alimfunika mtoto miguu. "Mimi nakuuliza kitu kidogo tu. Tulikuwa watu, tena mwanamke na mtoto. Ulituona, maana usingempigia honi usiyemwona. Niambie tuliangukia wapi. Ukipataja, nachukua vitu vyangu tunaondoka wote sasa hivi."

Wazee wakamtazama Mayala kwa matumaini, maana swali lilikuwa jepesi. Naye alirudi ile Jumanne kwa nguvu zake zote. Aliona mwenye mkaa, hapo ni karibu na mnada wa ng'ombe. Aliona mwenye madumu kwenye kona ya kalvati. Mwanamke mwenye mtoto alikuwepo, kitenge cha njano. Au yule alikuwa wa Jumatano. Kulikuwa na mwingine mwenye mtoto kwenye mteremko, na mwingine darajani, na wote aliwaona migongo tu, na hakuangalia hata mmoja wao aliangukia wapi. Akamtafuta mke wake katikati ya watu hao, mgongo kwa mgongo, asimwone.

"Darajani," alisema hatimaye.

"Huyo alikuwa mwingine," alisema Limi. Akamwinua Nelly, akamfunga mgongoni, akavuka ua kwenda jikoni kumwambia mama yake kwamba wanarudi naye nyumbani kwao.